Cherehani Iliyovuta Kushoto

Kila jioni, baada ya kuosha vyombo na kufuta meza, Chiriku alikaa mbele ya kompyuta ya Mama akamngoja babu yake. Chiriku halikuwa jina lake halisi. Babu ndiye aliyempa, kwa kuwa tangu alipojua kusema hakujua tena kunyamaza, na jina likamganda. Babu aliishi mji wa mbali, peke yake, na masikio yake yalikuwa mazito. Simu ya mkononi haikumfaa kitu. Ndiyo maana zamani Mama alimnunulia kisanduku chenye kioo kikubwa, spika ya kuamshia mtaa mzima, na kitufe kimoja tu. Babu akikibonyeza, uso wake ulitokea huku kwenye kompyuta.

Babu alikuwa fundi cherehani aliyestaafu. Kifua kilimsumbua na miguu ilikuwa imegoma, lakini mdomo ulikuwa mzima kabisa. Alikuwa akimfundisha Chiriku kushona shati kwa cherehani ndogo ya Mama, na shati lenyewe lilikuwa la Babu. Angelivaa siku watakayokwenda kumtembelea, shule zikifungwa. Mgongo, pande za mbele na mikono vilikuwa tayari. Ilibaki kola.

"Vuta kitambaa kulia kidogo," Babu alimwambia kila mara. Chiriku alivuta, na mshono ukaenda upande. Akafumua, akashona tena, ukaenda upande tena. Alipochoka alimwambia Babu kwamba labda na macho yake nayo yamestaafu. Babu alicheka hadi akakohoa, akajibu kwamba asiyejua kushona huisingizia hata sindano.

"Kola tutaishona kesho," alisema. "Hiyo ndiyo uso wa shati, haitaki papara."

Kesho yake Mama alirudi kutoka kazini na keki, huku akiimba. Kazi yake ilikuwa kutunza mfumo endeshi, ile programu kuu inayoifanya kompyuta iamke na kutii. Sehemu yake yeye ilikuwa ya mtandao. Aliwahi kumweleza Chiriku kwamba kompyuta nazo zina adabu: moja hupiga hodi, ya pili huitikia karibu, ndipo ujumbe huingia. Lakini mfumo wao ulikuwa na kosa la miaka mingi. Mgeni akipiga hodi na kuingia papo hapo, bila kungoja karibu, ulimpokea tu. Mara nyingine wageni wa namna hiyo walijazana mlangoni na kompyuta ikakwama. Mama alilisaka kosa hilo hadi akalipata, akalirekebisha. Tangu sasa, asiyengoja karibu haingii. Kampuni ya simu, ambayo kompyuta zake kubwa ndizo zilizopitisha mazungumzo ya watu, ilikuwa imeweka marekebisho hayo asubuhi ile ile, na wenzake Mama wakampigia makofi.

Jioni hiyo kioo kilibaki cheusi.

Walidhani umeme umekatika kwa Babu. Siku iliyofuata Mama alimpigia jirani aliyekuwa akimhudumia mzee, na jirani huyo akasema umeme upo, mzee anabonyeza na kubonyeza, lakini kisanduku kinasema kinatafuta tu. Wakaomba apewe simu. Chiriku alipaza sauti hadi koo likamuuma.

"Nani?" Babu aliuliza. "Nani huyo?" Kisha wakamsikia akimrudishia jirani simu, akimwambia kuna mtu amepiga ila hasemi neno. Chiriku alikwenda bafuni, akafungulia maji ili kilio chake kisisikike.

Mama alisema kisanduku kilikuwa kimezeeka, bila shaka kimekufa. Wakisafiri watampelekea kipya. Siku zikapita. Jirani aliwaambia kwamba mzee hali chakula vizuri tena, ila kila jioni huomba aketishwe mbele ya kisanduku, amevaa miwani, na kipande cha kitambaa cha kola mapajani. Hukaa hivyo mpaka usingizi umchukue.

Siku moja, akikunja lile shati lisilo na kola, Chiriku aliuliza, "Mama, kisanduku si kilinyamaza siku ile ya keki?"

Mama alikuwa amebeba sahani. Aliiweka chini polepole.

Asubuhi alipofika kazini alichunguza namna visanduku vile vilivyotengenezwa. Vyote vilipiga hodi na kuingia hapo hapo. Waliovitengeneza waliukuta mlango ule ukiwa vile, na miaka yote hiyo hakuna aliyewafukuza wageni wao. Sasa vilikuwa vimesimama nje. Tena hakikuwa cha Babu peke yake; wazee wengi walikuwa navyo majumbani.

Mkuu wake wa kazi hakuona tatizo. Alisema sheria iko wazi, mgeni angoje. Visanduku ndivyo vyenye kosa, wenye navyo wanunue vipya.

"Marekebisho yangu ni sahihi, bosi," Mama alisema, "na baba yangu amekaa gizani kwa sababu yake. Wazee wale hawajui sheria. Wanajua kitufe."

Mkuu akamruhusu. Mama hakutaka kulirudisha kosa la zamani. Aliandika njia ya tatu: sheria mpya ibaki, ila hodi ya visanduku vya zamani itambuliwe, vipokelewe kama vilivyozoea, kwa foleni yao wenyewe ili mlango usijae. Kuandika hakukuchukua muda. Kujaribu ndiko kulikochelewesha, na safari hii Mama hakuthubutu kuharakisha. Alijua kila siku ya kujaribu ni siku nyingine ya Babu mbele ya kioo cheusi, na ilimtesa.

Hatimaye marekebisho yakaenda. Jioni hiyo kioo kiliwaka. Chiriku aliruka na shati lake mkononi, lakini uso uliotokea ulikuwa wa jirani, macho yamemvimba.

"Poleni, wanangu," alisema. "Mzee ametutoka mchana huu. Nimepiga simu imezimwa, nikasema nibonyeze hiki, kama alivyokuwa akibonyeza yeye."

Mama alikuwa ameizima simu ili amalize kazi.

Baada ya mazishi, nyumba ya Babu ilipotulia, Chiriku aliketi kwenye cherehani ya Babu ya miguu. Aliweka kipande cha kitambaa, akakanyaga. Mshono ukakimbilia kushoto. Akajaribu tena, ukakimbilia kushoto. Ndipo akavuta kitambaa kulia kidogo, na mshono ukanyooka.

"Mama, mashine yake inavuta kushoto," alisema, machozi yakamtoka. "Na mimi nilimwambia macho yake yamestaafu."

Mama aliketi kwenye kigoda kando yake. "Ilivuta kushoto tangu nikiwa mdogo kuliko wewe. Tulipomwambia anunue nyingine alisema mtu haachi mbachao kwa msala upitao. Fundi mmoja aliwahi kuinyoosha bila kumuuliza. Nguo zote alizoshona siku zile ziliharibika, kwa kuwa mkono wake ulishazoea kuvuta kulia, na ikabidi fundi airudishe ilivyokuwa. Nilikuwepo, nikacheka. Kisha nikakua, nikaenda kufanya vile vile."

Alifuta machozi kwa kiganja. "Sikiliza, mwanangu. Kosa likikaa sana, watu huliegemea kama ukuta. Lirekebishe, usiogope, lakini kwanza uliza nani ameegemea hapo, umshike mkono. Ukiubomoa ghafla ataanguka, hata kama ukuta wenyewe ulikuwa mbovu. Kisanduku hiki nakipeleka kazini, kitakaa mezani kwangu. Marekebisho yoyote yatapita kwanza hapa."

Chiriku alitoa shati kwenye mfuko, akashona kola kwa mashine ile, akivuta kulia kidogo kama alivyofundishwa. Ilikaa sawasawa. Alilinyanyua mbele ya kile kisanduku ili Babu alione, akakumbuka, akalishusha.