Mkono wa Kushoto wa Gauni la Malkia

Ndege watatu walikuwa wamegeuka.

Fundi alisimama mlangoni mwa chumba cha ushoni, ufunguo ungali mkononi, akaukazia macho mkono wa kushoto wa gauni. Jana yake aliwashona ndege hao kwa shanga za rangi ya shaba, vichwa vikielekea kwenye kiganja. Asubuhi hii vichwa vilielekea begani. Hapakuwa na tundu la sindano kwenye hariri, wala ushanga ulioanguka sakafuni. Na kilichomkalisha kitako kwenye kigoda ni kwamba sasa walikuwa sahihi.

Gauni lilikuwa nakala ya vazi la filamu ya zamani, ile ambayo malkia hushuka ngazi za jumba linaloungua, miali ya moto iliyotariziwa ikimpanda kutoka kwenye pindo hadi kiunoni. Bibi harusi mmoja, ambaye tangu utotoni aliitazama filamu hiyo na marehemu baba yake, alitaka kuolewa akiwa amevaa vazi hilo hilo, ushanga kwa ushanga. Kazi ilikuwa ya watu wawili. Fundi alikata na kushona kwa cherehani. Mdogo wake, aliyekuwa na vidole vyepesi kuliko macho ya mtazamaji, alitarizi. Mkono wa kulia wa vazi ulionekana vizuri katika filamu. Wa kushoto malkia aliukumbatia kifuani mwanzo hadi mwisho, isipokuwa mara moja tu, kipande chake kilipoonekana ndani ya kioo, bega na kiganja vikiwa nje ya picha. Mdogo mtu aliisimamisha picha hapo, akacheka.

"Dada Pini, usije ukanasa kwenye mtego huu. Kioo hugeuza. Hawa ndege wanapanda, hawashuki."

Alimwita Dada Pini kwa kuwa midomo ya fundi haikukosa pini. Hakuna mwingine duniani aliyemwita hivyo.

Mdogo alifariki kabla ya kuumaliza mkono huo. Fundi aliumalizia peke yake, na kwa haraka akanakili kile alichokiona kiooni. Mtego ukamnasa. Sasa kuna aliyemsahihisha.

Hakumwambia mtu. Alijiaminisha kwamba huenda aliwashona sawasawa tangu mwanzo na msiba ndio unaomchanganya. Kisha bibi harusi akaja kupimwa, akiongea tangu barazani.

"Fundi, mchumba wangu anasema siku hiyo atakaa na ndoo ya maji, nisije nikamuunguza."

"Mwambie moto wa shanga hauunguzi," fundi alijibu, akijitahidi kutabasamu.

Gauni halikumwingia. Lilimbana kiunoni, na bega la kushoto likamning'inia. Alipoondoka, fundi alichukua utepe akaipima sanamu ya kupimia, ile sanamu nyembamba isiyo na kichwa ambayo huzungushiwa matambara hadi ifikie vipimo vya kila mteja. Aliijaza mwenyewe kwa vipimo vya bibi harusi, mwanamke mwenye mwili wa kutosha. Sasa kiuno kilikuwa chembamba, na bega la kushoto lilikuwa limeshuka, kama la mtu aliyeinamia tarizi miaka mingi. Hakuhitaji kuuliza vipimo hivyo ni vya nani. Alikuwa akimshonea mdogo wake nguo tangu wangali wasichana.

Hapo ndipo aibu ilipomshika, kwa sababu alijua ndani ya sanamu ile mna nini. Matambara yalikuwa yamemwishia. Kwenye kona palikuwa na mfuko wa nguo za marehemu, ambao mama yao aliukunja kwa mikono yake na kuagiza wapewe wahitaji. Fundi aliahirisha leo, akaahirisha kesho. Siku ya kuijaza sanamu aliufungua mfuko akatoa blauzi, sketi, fulana, na chini kabisa ile skafu ambayo mdogo wake alijifunga kifuani alipokohoa, ikinuka kafuri. Skafu ndiyo aliyoitanguliza, ikalala juu ya kifua cha mbao. "Nitazitoa gauni likiisha," alijisemea.

Tangu siku ile ya vipimo, kila alipoketi kwenye cherehani na kuipa sanamu mgongo, alisikia shanga zikichaguliwa kwenye kifuniko cha kopo, tik, tik, tik, jinsi mdogo wake alivyozichagua kwa ncha ya sindano. Aliposimamisha cherehani sauti nayo ilisimama, lakini ikichelewa kwa ushanga mmoja. Na alasiri moja ya mvua, umeme ulipokatika na chumba kikawa cha kijivu, harufu ya kafuri ikapanda taratibu kama maji yanayopanda kisimani, na fundi, asiyethubutu kugeuka, akaona kwenye bati linalong'aa la cherehani kifua cha gauni kikiinuka na kushuka, kikiinuka na kushuka, kwa pumzi fupi fupi za mtu anayejizuia asikohoe ili asimsumbue anayefanya kazi, pumzi ambazo alizisikia mchana mzima siku ile na akaendelea kushona.

Siku ile mdogo wake alisimama mlangoni, mkono kifuani, akauliza, "Dada Pini, niende hospitali, au nimalizie mkono kwanza?"

Naye alijibu, pini midomoni, bila kuinua kichwa, "Malizia mkono kwanza."

Kabla jua halijazama, mdogo wake aliangukia kazi yake. Mama yao alipouliza kwa sauti iliyokauka, "Hakusema kwamba anaumwa?" fundi alijibu, "Hakusema, mama."

Kesho yake baada ya alasiri ile ya mvua, fundi alimwendea mganga ambaye mtaa mzima ulimwita Bwana Taratibu, kwa kuwa hata salamu aliitikia baada ya kuitafakari. Akamsimulia kila kitu isipokuwa swali lile na jibu lake.

"Huyo si mdogo wako," mganga alisema hatimaye. "Wafu wana shughuli zao. Hilo ni jini, halina mwili, linapita likitafuta. Wewe umelijengea mwili, ukaupima kwa utepe, halafu ukauvika gauni la malkia. Ningekuwa jini, hata mimi ningeingia."

"Nifanye nini, baba?"

"Zitoe nguo moja moja mbele ya aliyezikunja. Kila nguo itoke na neno la kweli kuhusu aliyeivaa. Ukitia uongo, nguo itatoka, ila lenyewe litabaki likingoja mwili mwingine. Mficha uchi hazai, mwanangu."

Mganga akaja, mama akaletwa, akaketishwa kwenye kigoda. Fundi aliivua sanamu gauni, akaanza.

"Hii fulana nilitakiwa kuitoa sadaka, nikaificha." Ikatoka.

"Hii sketi, wateja waliposifu tarizi yake, sikuwaambia ni kazi ya nani." Ikatoka kwa shida, kama inayoshikiliwa.

"Hii blauzi, alikuwa fundi kunishinda, na nilijua." Mama alitikisa kichwa akalia kimya kimya.

Ikabaki skafu. Fundi aliishika ncha. Neno lilikuwa limekwisha kufika kooni. Akamtazama mama yake, mikono ile mikavu iliyokunja nguo za binti aliyemzika, macho yale ambayo sasa yalikuwa na mtoto mmoja tu wa kumtazama.

"Hii skafu," alisema, "hakuniambia kwamba anaumwa."

Skafu ikateleza, nyepesi kama utando wa buibui. Harufu ya kafuri ikakatika.

"Imetoka," fundi alisema.

Bwana Taratibu aliitazama skafu, kisha akamtazama yeye. "Nguo imetoka," alisema, akachukua fimbo yake akaenda.

Sanamu ikarudi kuwa mbao. Fundi aliijaza upya kwa vitambaa vipya, akarekebisha kiuno, na kila kipimo kikakaa mahali pake. Alianza kulala. Asubuhi ya harusi bibi harusi alikuja akicheka, na mama, ambaye tangu siku ya skafu hakupenda kubaki peke yake nyumbani, akasaidia kufunga vifungo vya mgongoni.

"Fundi, nikivuta pumzi halitapasuka?"

"Vuta tu, mwanangu," mama alimjibu.

Bibi harusi akavuta pumzi. Ilikuwa fupi. Akavuta nyingine, fupi vilevile, na bega lake la kushoto likashuka kidogo. Chumba kikanuka kafuri. Aliweka mkono kifuani, akageuka polepole kumtazama fundi, na kicheko hakikuwamo tena usoni.

"Dada Pini," aliuliza kwa upole, "niende, au nimalizie mkono kwanza?"

Mama aliacha vifungo. "Amekuitaje huyu? Aende wapi?"

Jibu lilikuwa neno moja, na lingetosha: nenda. Lakini baada ya neno hilo mama angeuliza, na baada ya swali la mama hapangekuwa na mahali pa kujificha. Fundi alikishika kifungo ambacho mama alikuwa amekiacha. Akakifunga.

"Ananitania tu, mama."

Bibi harusi aliitikia kwa kichwa, kama mtu aliyekwisha kujibiwa. Akaketi kwenye kigoda kifupi kando ya dirisha, akachukua sindano yenye uzi, akauinamia mkono wake wa kushoto. Sindano ikapita kwenye hariri, ikapita na kilichokuwa chini ya hariri, naye hakushtuka. Ushanga wa kwanza ukalia kwenye kifuniko cha kopo.