Walichokitazama Wanyama wa Kaviha

Dama aliliona jambo lile akiwa juu ya ngazi, ametoka tu kutundika picha ya mbega. Mbega yule hakuwa akitazama kamera. Alikuwa akitazama juu kidogo, upande wa bega la kushoto la aliyempiga picha.

Hilo peke yake si ajabu. Mnyama hutazama anapotaka. Lakini Dama alishuka, akamwendea chui wa ukuta wa pili, kisha bundi, kisha paa na mtoto wake. Wote walitazama pale pale.

Ilikuwa Jumatatu, saa saba mchana, katika jumba la sanaa huko Shanzu ambalo zamani lilikuwa ukumbi wa chakula wa hoteli. Jumamosi yangefunguliwa maonyesho ya babake, Gershom Kaviha: miaka arobaini ya kupiga picha wanyama na misitu ya pwani. Dama ndiye aliyezipanga picha sitini kwa mfuatano wa miaka. Hakuna aliyewahi kuziona zote mahali pamoja, na labda ndiyo maana hakuna aliyewahi kugundua.

"Baba," aliita. "Hizi za mwanzo, ndege wanakukimbia. Ni mikia na migongo tu. Kuanzia mwaka themanini na tisa hakuna hata mmoja anayekimbia. Watu husema wanyama wanakupenda, lakini hawa hawakutulia, baba. Hawa wameganda. Nyuma yako palikuwa na nini?"

Mzee Gershom alikuwa ameketi karibu na kabati la kioo lenye kamera yake ya kwanza. Alivua miwani akaifuta muda mrefu.

"Twende tukale kwanza, mwanangu."

Mlango ulikuwa wazi. Nje, Fancy, mlinzi wa jumba, aliketi kwenye kiti cha plastiki akimenya chungwa. Dama alivuka kizingiti, na mguu wake ukakanyaga sakafu ile ile ya ukumbi, mbega yuko mbele yake. Alidhani amegeuka bila kujua. Akarudi, akavuka tena. Mbega. Mara ya tatu alimshika babake mkono wakavuka pamoja, wakimwona Fancy waziwazi, wakiliona ganda la chungwa likining'inia kwenye kisu chake, na bado walipokanyaga upande wa pili walijikuta ndani, wamezungukwa na macho ya wanyama, na hewa imeanza kunuka udongo wa majimaji na mavi ya popo, na mahali fulani nyuma yao mtu akawa anapumua polepole, kama mtu aliyesimama siku nyingi bila kupewa pa kukaa.

"Usigeuke," Gershom alinong'ona.

"Ni nani?"

"Nilikaa siku kumi na moja mbele ya pango, msituni Shika Adabu, kule Likoni, nikimvizia bundi. Wazee walinikataza. Siku ya mwisho kikatoka kitu ambacho si bundi, nami nikakipiga picha. Filamu sijaitoa, imo mle kwenye kamera. Tangu siku ile kiko nyuma yangu."

"Kinataka nini?"

"Kurudi kwao. Hunong'ona kila siku, nirudishe, nirudishe."

"Na hukukirudisha."

"Wanyama walikuwa wanasimama, Dama. Naingia msituni, nao wanasimama."

Dama alihisi hasira iliyoipita hofu yake. Akatoa simu, akafungua spika, akampigia shangazi Jumwa, dada mkubwa wa Gershom, mganga wa huko Likoni.

"Shikamoo, shangazi."

"Marahaba. Mbona wanong'ona?"

Alimweleza. Shangazi akapaza sauti.

"Gershom, wanisikia? Kiahidi sasa hivi mbele ya mwanao kwamba utakirudisha. Leo leo, ubebe kamera mwenyewe, utangulie, usigeuke."

Gershom alikuwa akizitazama kuta, picha moja baada ya nyingine. Ndipo ile pumzi ikahama. Ilitoka nyuma ya mzee, ikapita taratibu, ikasimama nyuma ya Dama, na bega lake la kushoto likaingia baridi kana kwamba limewekewa kitambaa kilichoroweshwa kisimani.

"Baba," aliita.

"Nitakurudisha," Gershom alisema kwa Kigiriama. "Mwache mwanangu. Nitakurudisha leo."

Baridi ikaondoka. Walipotoka na kamera, Fancy aliwashangaa. "Mlikuwa mnacheza mchezo gani? Mnafika mlangoni mnageuka, mnafika mnageuka. Nimehesabu mara tatu."

Kwenye feri ya Likoni watu walibanana kama kawaida, ila nyuma ya mzee palibaki nafasi ya mtu mmoja ambayo hakuna aliyeijaza.

Shangazi Jumwa aliwapokea Shika Adabu akawaongoza kwa miguu. Pale palipokuwa na msitu palisimama nyumba ya ghorofa nne, nguo zimeanikwa kwenye kila roshani. Shangazi alichuchumaa, akaweka kiganja ardhini, akakaa hivyo kitambo.

"Pango liko chini ya nyumba hii, limejazwa mawe na saruji," alisema. "Mlango wake umezibwa."

"Tukipeleke wapi basi?" Dama aliuliza.

"Hakina pengine. Na bega lako kimeshalijua."

Gershom aliikumbatia kamera yake. Kisha akamwendea msimamizi wa nyumba akamwuliza kama kuna chumba kitupu. Kilikuwepo kimoja, chini kabisa, upande wa nyuma. Akaingia na kile kitu, kisimfuate tena Dama, akafunga mlango.

Maonyesho yalifunguliwa bila yeye. Dama aliwaambia wageni kwamba babake ni mgonjwa.

Kila Jumapili humpelekea chakula. Mzee hafungui. Humwambia aweke sufuria chini, aondoke. Juma lililopita Dama hakuondoka upesi. Aliuliza kupitia mlangoni, "Bado kinakusumbua kirudishwe?"

"Hapana, mwanangu. Siku hizi hakisemi nami. Kinawaita wenzake walio chini, pangoni."

Ghorofani watoto walikuwa wakiruka kamba.

"Nao?"

"Jana wamejibu," alisema Gershom. "Waambie watu wa humu wahame."