Kona ya Ijumaa

Mvua za mwaka zilikuwa zimekwisha, na pagoda ya Shwedagon ilijaa watu tangu asubuhi. Thandar alipanda ngazi akiwa pekupeku, viatu mkononi, amevaa blauzi nyeupe na kikoi cha longyi cha kijani kilichombana vizuri kiunoni. Kamba ya asumini ilining'inia kwenye fundo la nywele zake, na mashavuni alikuwa amejipaka thanaka mbichi ya gome la mti, bado ina unyevu. Akapenya katikati ya familia, watawa na wapiga picha mpaka kona ya watu waliozaliwa Ijumaa, pale simbilisi wa jiwe, mnyama wa siku hiyo, anapokaa chini ya sanamu ndogo ya Buddha. Akanyoosha mkono kuchukua kikombe cha kuchotea maji ya baraka. Mkono mwingine ukakishika pamoja na wake.

"Samahani, dada. Chukua wewe."

"Umekwisha kukishika. Mwagia tu, nitasubiri."

Kijana alimwagia sanamu maji polepole. Kila mara alingoja tone la mwisho lidondoke ndipo achote mengine. Alikuwa mrefu, shati lake limepigwa pasi kwa uangalifu wa mtu anayejipigia mwenyewe.

"Kwa mwendo huo," Thandar alisema, "Ijumaa itatukuta hapa hapa."

"Kwani leo siku gani?"

"Jumanne."

"Basi tuna nafasi ya kutosha."

Thandar alijikuta anacheka. "Kumbe wewe pia ni wa Ijumaa."

"Si unaniona hapa?"

"Jina lako nani?"

"Kaung Myat."

"Kaung ni jina la Jumatatu," alisema, maana kwao herufi ya kwanza ya jina hufuata siku ya kuzaliwa.

"Baba alilipenda," Kaung Myat akajibu, na hilo lilikuwa kweli.

Kweli nyingine aliimeza. Yeye alizaliwa Jumatatu. Maji yale alikuwa akiyamwaga kwa niaba ya mama yake, mtu wa Ijumaa, aliyefariki zamani. Alitaka kusema hivyo. Lakini kila mtu Yangon anajua kwamba mwanamume wa Jumatatu na mwanamke wa Ijumaa hawaoani, kwa kuwa mmoja humpunguzia mwenzake maisha. Naye alikuwa amekwisha kuyatazama yale mashavu yenye thanaka.

Waliteremka ngazi pamoja. Walipofika kwenye duka la chai chini, Thandar alikuwa amekwisha kujua kwamba kijana huyu ni dereva wa basi na kwamba kwa wakati huo hana kazi.

"Mama yangu hukusanya watu wa mtaani kila msimu wa baridi kwenda kuhiji," alisema akikoroga maziwa. "Dereva wetu wa zamani amezeeka. Anapiga honi kuliko anavyoshika breki."

"Na mama yako mkali?"

"Mama yangu ni Daw Mya Yi. Utamwona."

Daw Mya Yi alimtazama dereva mpya kuanzia nywele mpaka kandambili, akamuuliza kama anatafuna tambuu, akaridhika. Safari ikaanza.

Katika basi la mahujaji lazima mtu mmoja akae karibu na dereva asije akasinzia, na kazi hiyo Thandar aliiomba mwenyewe. Alikaa kwenye kiti kidogo kinachoangalia nyuma, magoti yake yakielekea abiria, kwa hiyo nchi yote aliiona ikiwa imekwisha kupita.

"Umesinzia," alimwambia baada ya Bago.

"Nimepepesa macho tu."

"Kupepesa gani huko? Ningemaliza bakuli la supu ya mohinga."

"Basi nisimulie kitu."

"Kitu gani?"

"Tulikotoka. Mimi naona ya mbele tu. Wewe niambie ya nyuma."

Akaanza kumsimulia. Bibi aliyekuwa akifukuza bata wake barabarani amewapata, ila mmoja. Watawa wadogo waliofunga miavuli sasa wameifungua. Mlima uliokuwa mkubwa umekuwa kama mchi, sasa kama kidole, sasa haupo. Kaung Myat aliendesha huku akitabasamu, na dunia iliyokwisha kumpita ikamrudia kwa sauti ya msichana.

Hata leo, wakikumbuka safari zile, hubishana mapenzi yalianzia wapi. Kaung Myat husema ni Kyaikhtiyo, kwenye mwamba wa dhahabu, wanaume walipoubandika karatasi za dhahabu na wanawake wakazuiliwa nyuma ya uzio, naye akamrudia Thandar na chembe za dhahabu vidoleni, akaogopa kunawa mpaka jioni. Thandar husema ni Bagan, ukungu ulipotanda mashambani na ncha za mahekalu zikaelea juu yake, naye Kaung Myat akazima injini bila kuombwa. Au ni ziwa la Inle, nyanya zikikua kwenye bustani zinazoelea juu ya maji, walipokula samaki mmoja kwa vidole, kila mmoja akimsukumia mwenzake mnofu.

"Kula, kaka."

"Kula wewe, kipenzi. Mimi nimeshiba."

"Umeshiba nini? Umekula mapezi."

Neno kipenzi lilikuwa limetoka. Hakuna aliyelirudisha.

Mandalay ndipo mambo yalipoharibika. Walilala katika ukumbi wa wageni wa monasteri, na kulipopambazuka Kaung Myat aliamua kumwomba Thandar uchumba siku hiyo. Hakutaka kuomba akiwa amejificha. Akaenda kwenye pagoda ndogo ya jirani, akasimama mbele ya simbamarara wa Jumatatu, akamwagia maji kwa jina lake mwenyewe.

Thandar alikuja nyuma yake na chai ya moto.

"Hayo ni ya nani?"

Kaung Myat aligeuka. "Yangu."

"Na yale ya Shwedagon?"

Angeweza kumweleza. Lakini Daw Mya Yi alikuwa amesimama mlangoni, tasbihi mkononi, na amesikia yote. Na maelezo yake yalikuwa na mkia ambao Kaung Myat aliuogopa kuliko kosa lenyewe.

"Nilikosea," alisema tu.

"Kosa ni kuvaa kandambili za mtu," Thandar alisema kwa sauti ya chini. "Wewe miezi yote hii umenicheka, kaka. Watu wa Ijumaa, watu wa Ijumaa. Nami naitikia."

Daw Mya Yi hakugomba. "Dereva, tufikishe Yangon salama. Baada ya hapo kila mtu na njia yake."

Kurudi, kiti kidogo kilikaliwa na mjomba mmoja aliyesinzia kabla ya dereva.

Kaung Myat alivuka mpaka kwenda Thailand. Alipiga simu kutoka Mae Sot, Thandar hakupokea. Alipiga kutoka Chiang Mai, alikokuwa akipeleka kabichi sokoni, hakupokea. Akazidi kushuka kusini mpaka Penang, mji wa bahari na vichochoro vinavyonukia tambi za kukaanga, na huko akawa hasimuliwi kitu na mtu.

Msimu wa baridi uliofuata, Daw Mya Yi alimpeleka binti yake India kuhiji. Mchana mmoja huko Gaya, mama amelala baada ya chakula, simu ikalia. Labda ni kwa sababu ya kuwa mbali na nyumbani. Thandar akapokea.

"Uko wapi?" Kaung Myat aliuliza.

"India. Na wewe?"

"Penang. Nisimulie."

"Sikusimulii. Niambie kwanza, maji yale yalikuwa ya nani?"

"Ya mama yangu. Yeye ndiye wa Ijumaa."

"Sasa hilo ndilo lilikushinda kusema?"

"Ningelisema, mama yako angeuliza baba yangu alizaliwa siku gani."

Thandar alikaa kitandani. "Jumatatu," alisema.

"Jumatatu. Nilikuwa mdogo mama alipofariki. Ukoo mzima ulisema ni siku zao ndizo zilizomla."

"Na wewe unasemaje?"

"Mimi nasema ilikuwa malaria. Mchana nasema hivyo." Alivuta pumzi. "Giza likiingia nakufikiria wewe, na sina uhakika. Ndiyo maana sijarudi. Sikukucheka, Thandar. Nilikuogopea."

Thandar alilia bila sauti, asimwamshe mama yake.

"Malaria ya wapi?" Daw Mya Yi aliuliza, macho bado amefumba.

"Kijijini kwao, Mama. Karibu na Hpa-An."

"Hpa-An kuna mbu," alisema mama, akageukia ukutani.

Jioni walikaa karibu na mti mtakatifu ambao Buddha alipata nuru chini yake, kati ya Wathai, Walanka na Watibeti waliosujudu mpaka vumbi likawatia weupe pajini mwa uso. Hapakuwa na kona za siku.

"Mama, hawa wote wamezaliwa lini?"

Daw Mya Yi alizungusha tasbihi muda mrefu. "Siku zangu na za baba yako zilipatana," alisema. "Mnajimu alitupongeza kwa mikono miwili. Sasa baba yako, wa Ijumaa kama wewe, yuko Mawlamyine na mwanamke mwingine, naye nasikia ni wa Jumatatu." Akaiweka tasbihi pajani. "Lakini sikutoi hivi hivi. Nyota ikipinda hutafutiwa dawa. Kijana wako ajenge daraja watu wapite."

Thandar alipiga simu hapo hapo.

"Daraja la ukubwa gani?" Kaung Myat aliuliza.

"Mama anasema la kumtosha mtu mmoja na mwavuli wake."

Alilijenga nje ya Hpa-An, juu ya mfereji uliotenga nyumba ya baba yake na barabara, mashamba ya mpunga yakiwa yamekolea kijani na vilima vya mawe vimejitokeza kama watu waliosimama kusikiliza. Baba yake alishika mbao, yeye akapigilia misumari. Siku ya kuvuka, Thandar alitangulia akiwa na hariri ya waridi, asumini kichwani. Katikati alisimama, akaangalia alikotoka.

"Niambie," Kaung Myat alisema kutoka ng'ambo.

"Namwona mama. Amekunja longyi na anajaribu ubao kwa kidole gumba."

"Unayumba," Daw Mya Yi alisema.

"Kidogo tu, Mama. Ni mbao," Kaung Myat alisema.

"Hicho kidogo nakiona. Njoo unishike mkono, mwanangu."

Walioana kabla ya mvua. Walipokwenda Shwedagon kushukuru, Thandar alibaki kwa simbamarara, akimwagia maji kwa ajili ya mume wake. Kaung Myat alikwenda kona ya Ijumaa, akachota polepole kama kawaida yake. Bibi mmoja aliyekuwa akingoja kikombe alimkagua.

"Na wewe ni wa Ijumaa, mwanangu?"

"Hapana, bibi," Kaung Myat alisema. "Mimi ni wa Jumatatu. Hapa nina watu wangu wawili."