Kifungo Kilichotumbukia Kwenye Injini

Asubuhi ile Bibi Shida alikuwa wa kwanza kujiandaa. Alivaa khanga mpya, akakaa ndani ya pikapu ya mwanawe Athuman, akangoja. Alikuwa na mtoto wa jicho. Watu aliwaona kama vivuli tu. Madaktari wa macho walikuwa wamefika Korogwe mjini, na leo ilikuwa siku yao ya mwisho ya kupasua.

Kutoka kwao Mashewa hadi Korogwe si karibu. Na pikapu, ah, ikagoma kuwaka!

Athuman akafunua boneti, akafungua plagi moja ili aisafishe. Naye, bwana mkubwa, alikuwa amevaa suti yake ya Kaunda yenye vifungo vya shaba. Alipoinama, kifungo cha mfukoni kikakatika. Kikaingia moja kwa moja kwenye tundu la plagi.

"Nilikwambia nikishone," alisema Zamda, mkewe. "Ukasema kesho."

"Mke wangu, niache. Napiga stata, kitaruka chenyewe."

"Wee! Usiguse huo ufunguo!"

Aliyepiga kelele ni Yuditha, jirani yao, fundi wa magari.

"Dada Yuditha, mama atachelewa," alisema Athuman.

"Pole, kaka yangu. Lakini ukipiga stata, pistoni itapanda na kukibana hicho kifungo. Injini itaharibika ndani. Leo hamtafika, na kesho hamtakuwa na gari."

Athuman akakaa juu ya tofali. Aliogopa kweli. Alimtazama mama yake mle garini, roho ikamuuma.

Yuditha akafungua waya wa betri. Akamulika tochi kwenye tundu. Kifungo kilikuwa kinang'aa juu ya pistoni. Akaingiza sumaku ndogo iliyofungwa kwenye waya. Kifungo hakikutikisika.

"Sumaku inashika chuma," alisema. "Shaba haishiki."

Akapaka grisi kwenye ncha ya waya. Kifungo kikainuka kidogo, kikateleza, kikaanguka tena.

"Nyie watoto!" aliita Bibi Shida. "Sisi ndege tulikuwa tukimnasa kwa kitu gani?"

"Kwa ulimbo, mama!" alijibu Zamda. Tayari alikuwa anakimbilia kwenye mfenesi wa uani, kisu mkononi.

Akarudi na utomvu wake unaonata. Yuditha akauzungushia kwenye ncha ya waya, kidogo tu, akauvuta kwa vidole kuona kama umeshika.

"Usije ukabaki ndani, maana hilo nalo ni tatizo," alisema.

Akateremsha waya polepole. Akagandamiza. Akavuta. Kifungo hicho, nje! Zamda akapiga vigelegele.

Yuditha akamulika tena mpaka akahakikisha ndani ni safi. Akasafisha plagi, akairudisha, akafunga waya wa betri. Pikapu ikakohoa, ikawaka.

"Siku nyingine," alimwambia Athuman, "toa vitu mfukoni kabla ya kuinama. Ukifungua plagi, ziba tundu kwa kitambaa safi. Na kitu kikitumbukia, usiwashe gari. Kitoe kwanza."

"Nimekusikia, dada. Ahsante sana."

Walifika foleni ikikaribia kwisha. Bibi Shida akapasuliwa jicho moja siku ileile.

Kesho yake daktari akambandua bendeji. Bibi akapepesa jicho, akamtazama mwanawe kwa muda. Athuman machozi yakamlenga.

"Mama, unaniona?"

"Nakuona, baba. Na kifungo cha shingoni nacho kinaning'inia."

Zamda akacheka, akafungua pochi yake, akatoa sindano na uzi.