Jina Ambalo Kogo Hakuliita

Majina yote mazuri yalikuwa yamechukuliwa. Rebeccah aliketi jikoni kwake, nje kidogo ya Chepilat, mtoto wake Aron amelala mgongoni, akitafuta jina la akaunti ya kuuzia sweta anazofuma. Mama_Sweta lilikataliwa. Hata SwetaQueen254 lilikuwa na mwenyewe.

"Weka yenye hakuna mtu anaeza fikiria," Phelis, jirani yake, mama wa Pendo, alimwambia. Phelis mwenyewe alijiita Phelis_Simba mtandaoni, na huku nyumbani anaogopa hata jogoo.

Rebeccah akaandika Taprandich. Alilisikia mara moja tu, nyumbani kwa mama mkwe wake, akina mama walipokuwa wakitaja wafu wa ukoo, na aliyelitaja alinyamazishwa. Lilikubaliwa papo hapo. Mara jikoni kukanuka tumbaku ya kunusa, katika nyumba ambayo hakuna anayeinusa.

Haukupita muda, akaunti ikaanza kuweka picha ambazo Rebeccah hakuzipiga. Zilikuwa za Aron, amelala au anaoga, na zilipigwa kwa karibu mno. Neno la siri walilijua yeye na Phelis tu. Akaanza kufunga mlango kila aliposikia ndala za jirani yake, hadi siku moja akamkabili.

"Mama Pendo, ni wewe unaweka mtoto wangu huko?"

"Mimi? Na mlango unafunga siku hizi, nitapitia wapi?" Phelis alijibu kwa sauti ya chini, machozi yakimlenga. Rebeccah hakumwamini.

Kesho yake mchana mvua ya mawe ilipiga mabati, na katikati ya kishindo hicho Rebeccah akasikia mwanamke akimbembeleza mtoto kwa Kikipsigis chumbani, akaingia akamkuta Aron amenyoosha mikono kuelekea pembe isiyo na mtu, blanketi limelowa maji yenye harufu ya tope la mto, na simu iliyokuwa kitandani ikawaka yenyewe ikamwonyesha picha ya kisogo chake mwenyewe, imepigwa sasa hivi. Alimnyakua mtoto, akakimbilia kwa Phelis.

"Nisamehe. Twende kwa Kogo, tafadhali."

Kogo Rodah, mama mkwe wake na bibi yake Aron, alisikiliza yote.

"Mtoto akizaliwa tunamwekea tumbaku kidogo kwa pua, tunaita wazee wenye walikufa, mmoja mmoja," Kogo alimweleza Phelis. "Akipiga chafya, huyo mwenye ameitwa ndiye amerudi kwake, atamchunga. Lakini mwanangu Mathew alisema kanisa haitaki. Sasa huyu mtoto hana mwenyewe."

"Na Taprandich?" Rebeccah aliuliza.

"Mtoto wake alibebwa na mto, na yeye akaingia kumtafuta. Huyo hatumwitangi. Mtoto mwenye atapewa yeye, atampeleka huko mtoni."

Rebeccah alimkumbatia Aron hadi mtoto akalalamika. Alijaribu kuifuta akaunti, lakini neno lake la siri lilikataliwa. Basi Kogo akafungua kopo la tumbaku, akampakaza Aron kidogo puani, akaanza kuita. Aliita baba wa mume wake. Aliita mashangazi. Aliita hadi waliokufa kabla hajaolewa. Aron alimtazama tu.

"Wamekwisha?" Phelis alinong'ona.

"Amebaki mmoja. Huyo simwiti." Kogo akampakaza tena, akajiandaa kuanza upya.

Mlango ukafunguliwa. Mathew, mume wa Rebeccah, alikuwa ametoka kiwandani, koti linachuruzika, simu mkononi. Hakuna aliyekuwa amemweleza lolote, kwa kuwa walijua angewakataza.

"Mama Aron, nimekutafuta kwa nyumba," alisema. "Taprandich ni nani? Ananitumia picha za mto."

Aron akapiga chafya. Kogo alifunika kopo polepole, akaanza kulia.