Tundu la Ubavuni

Gauni la bibi harusi lilianza kunuka jivu bichi, na lilikuwa halijavaliwa na mtu.

Mshonaji alilinusa kwapani, akalinusa kwenye pindo, kisha akamgeukia binti yake wa miaka minne. "Umelichezea?"

"Sijaligusa, mama. Labda yule wa kabatini."

Chiriku, ndivyo walivyomwita, maana mdomo wake haukujua kupumzika. Angeweza kuzungumza na kijiko mpaka kijiko kichoke. Mama mtu hakumjali. Alilirudisha gauni kabatini, lile kabati jipya alilotengenezewa na seremala wa nyumba ya tatu, na ndipo alipoona pindo likipepea. Dirisha lilikuwa limefungwa, na mlango pia.

Upepo ulitoka kwenye tundu. Lilikuwa ubavuni mwa kabati, chini, duara safi la kupitisha kidole. Siku zote alidhani ni kosa la fundi, akamsamehe. Sasa aliinama, akaweka kiganja. Pumzi ya moto ilimgusa, ikasita, kisha ikarudi ndani kwa mvuto mrefu uliovuta hata ngozi ya kiganja chake.

Aliogopa, akaurudisha mkono upesi. Lakini mwenye gauni la harusi la kukabidhi hana nafasi ya kuzimia. "Usipoziba ufa utajenga ukuta," alijisemea, akamega sabuni ya kufulia, ile ile aliyozibia ndoo inayovuja, akaishindilia tunduni. Harufu ikakatika. Akacheka peke yake, kicheko kidogo cha mtu anayetaka chumba kijue kwamba hajaogopa.

Sabuni ikikauka hunywea, hilo alilijua. Mchana ule ule akaamua kwenda kuomba kijiti cha kuziba vizuri.

"Nakuja sasa hivi. Usitoke nje."

"Sitoki, mama. Nitajificha tu."

Seremala alikuwa amejaa maranda mpaka kwenye nyusi. Aliposikia shida yake, akaweka randa chini.

"Tundu gani hilo, dada?"

"Lile la ubavuni. Nimeliziba kwa sabuni, lakini nataka—"

"Umeliziba?" Tabasamu likamfutika. "Lile nililitoboa makusudi! Komeo la kabati lile huanguka lenyewe mlango ukijibamiza. Mtoto akijificha humo, lile tundu ndilo pua yake. Mwanao yuko wapi?"

Alikimbia na kandambili moja, akaingia ndani akiita Chiriku, Chiriku mwanangu, na nyumba ambayo haijawahi kunyamaza tangu mtoto yule ajue kusema ikamjibu kwa kimya, vifungo vimetapakaa sakafuni mpaka mbele ya kabati, komeo limeanguka, sabuni ingali imeshindiliwa pale pale alipoishindilia kwa mkono wake mwenyewe, mkono ambao sasa uling'ang'ana kuinua kipande kidogo cha chuma kilichomtenganisha na mwanawe.

Komeo likainuka. Mlango ukafunguka.

Chiriku alikuwa amekaa katikati ya nguo za wateja, amekumbatia magoti, mzima, anatabasamu.

"Umechelewa, mama."

Mshonaji alimnyakua, akamkandamiza kifuani, akamshukuru Mungu kwa sauti. Hajawahi kupenda kitu kama alivyoupenda uzito ule mikononi mwake. Mtoto akamwekea kichwa begani.

"Ulimziba pua yule wa kabatini," Chiriku alinong'ona. "Alikuwa analia, hana pa kupumulia. Na mimi nilikuwa nimeishiwa pumzi. Nikamwambia aje kwangu."

Pumzi ya moto, yenye harufu ya jivu bichi, ilimgusa mama shingoni. Ikasita. Kisha ikarudi ndani kwa mvuto mrefu, uliovuta hata ngozi ya shingo yake.

Seremala alitokea mlangoni akihema, nyundo mkononi. "Dada! Mtoto anapumua?"

Mama hakumwachia mwanawe. Alimshika kwa nguvu zaidi, maana alikuwa wake, akaanza kulia.

"Fundi," alisema polepole, "kuna kinachopumua."