Leza ya Saa Saba Mchana

Wamae na mkewe Watiri walilima mpunga karibu na Kagio. Maji ya mfereji huko huja kwa zamu. Zamu ikikupita imekupita, hata ulie.

Msimu ule zamu yao ilikuwa Alhamisi, na shamba bado lina mabonde. Trekta ya kusawazisha kwa leza ilifika Jumatano saa saba mchana. Jua lilichoma na upepo ulivuma. Dereva, Kinyua, alisema afadhali wangoje jioni. Wamae akamuuliza kama mashine inaogopa jua kama bibi harusi. Akaagiza leza, kile chombo cha miguu mitatu kinachoielekeza trekta kwa mwanga, isimamishwe kivulini, mashamba mawili kutoka pale, isiungue. Wakacheka wote wawili, Kinyua akawasha trekta.

Maji yalipoingia, upande wa chini ulizama, wa juu ukabaki mkavu. Miche ya chini ikaoza, ya juu ikakauka. Hawakuvuna hata debe. Watiri akafunga nguo zake, akaenda Kangari kuchuma chai ya watu, apate unga wa kutuma nyumbani.

Jirani yao, mama Warigia, alikuwa amepima barabara kwa leza miaka mingi. Alikuja akatazama zile nyufa za upande wa juu.

"Mchana ukiangalia lami, si unaona kama maji yanacheza?"

"Naona."

"Hiyo ni hewa ya moto. Inapinda mwanga wa leza. Leza ikiwa mbali, kosa linazidi. Na upepo unatikisa miguu yake. Trekta inakata pale mwanga umeiambia. Haijui imedanganywa."

"Si ungeniambia siku hiyo, mama?"

"Ulikuwa unacheka, Wamae. Mtu anayecheka anaambiwa nini?"

Msimu uliofuata Wamae hakungoja zamu imfukuze. Aliita trekta wiki mbili mapema. Ilifika alfajiri, ukungu umelala shambani. Mama Warigia akawazuia, akisema ukungu nao hutawanya mwanga. Wakangoja mpaka kigingi walichochomeka mbali kikaonekana. Leza ikawekwa karibu, kwenye udongo mgumu. Kila nusu saa walipima kigingi kile kile. Saa nne na nusu, jua likiwa limeanza kuchoma, kipimo kikaanza kurukaruka.

"Zima," Wamae akasema.

Wakamaliza kesho yake asubuhi.

Siku ya maji alitembea shamba lote peke yake, kona hadi kona, kisha akampigia Watiri simu.

"Upande wa juu?" Watiri akauliza.

"Maji yako kwa kifundo cha mguu."

"Na chini?"

"Kifundo hicho hicho."

Nyuma ya Watiri wachumaji walikuwa wakiitana.

"Basi usipande peke yako," akasema. "Nakuja."